Zamu ya Usiku Lacor

Jumamosi, tarehe 7 Oktoba 2000, Dkt. Matthew Lukwiya alipigiwa simu akiwa Kampala. Alikuwa masomoni Chuo Kikuu cha Makerere, akichukua shahada ya uzamili ya afya ya jamii. Huko kaskazini, katika Hospitali ya Mtakatifu Maria ya Lacor, kiti chake cha mganga mfawidhi alikuwa amemwachia Dkt. Cyprian Opira, na ndiye aliyepiga. Pale hospitalini kulikuwa na ugonjwa wasioufahamu, na wanafunzi wawili wa uuguzi walikuwa wameshakufa.

Mgonjwa akifa wodini, faili hufungwa, shuka hubadilishwa, mwingine hulazwa. Hakuna anayelipenda jambo hilo, lakini ndiyo kazi. Mwanafunzi wa uuguzi akifa, tena kijana aliyekuwa mzima juma lililopita, hospitali nzima hushtuka, kwa sababu kilichokuwa kitandani kimemfuata anayetandika kitanda.

Lukwiya hakungoja Jumatatu. Gulu iko zaidi ya kilomita 300 kutoka Kampala, ng'ambo ya daraja la Karuma kwenye mto Nile, na jioni ile ile alikuwa ameshafika Lacor. Alimkuta mwanafunzi mwingine wa uuguzi yu taabani, akamshuhudia akikata roho huku akitapika damu. Usiku hakulala. Yeye na Sista Maria di Santo, mtawa aliyekuwa akiwasimamia wauguzi, walikaa na mafaili ya waliokufa vifo vya ajabu siku zile, wakiyapitia moja moja: homa, kutapika, kuharisha, wengine damu puani na kwenye fizi, dawa za malaria zimetolewa na hazikufua dafu. Kando ya mafaili walikuwa na mwongozo ambao Shirika la Afya Duniani na kituo cha Marekani cha kudhibiti magonjwa walikuwa wameutoa mwaka 1998, wa namna hospitali za Afrika zinavyoweza kujikinga na homa za virusi zinazosababisha kutoka damu. Mwongozo ule haukuandikwa kwa ajili ya hospitali zenye fedha. Ulieleza jinsi ya kushona magauni kwa kitambaa cha dukani, jinsi ya kuchanganya maji na dawa ya klorini, kali kwa ajili ya matapishi na damu, nyepesi kwa ajili ya mikono iliyovaa glovu, na jinsi ya kupanga ndoo mlangoni.

Kulipopambazuka walikuwa na jina la ugonjwa midomoni, ingawa hakuna maabara iliyokuwa imelithibitisha. Taarifa kwa kawaida hupanda ngazi kwa ngazi, kutoka hospitali hadi wilaya, kutoka wilaya hadi wizara. Lukwiya aliruka ngazi. Alimpigia moja kwa moja Dkt. Sam Okware, kamishna wa afya ya jamii wizarani, na tarehe 8 Oktoba taarifa ikawa imeingia Kampala. Sampuli za damu zilipelekwa Johannesburg, kwenye taasisi ya taifa ya virusi ya Afrika Kusini. Jibu lilirudi tarehe 15: Ebola. Katika juma zima lililopita katikati, Lacor haikukaa ikisubiri karatasi. Wodi ya kutenga wagonjwa ilikuwa imeshafunguliwa na wauguzi walikuwa wameshaanza kuingia zamu.

Ili kujua kwa nini waliingia, lazima mtu ajue Lacor ilikuwa mahali pa namna gani.

Hospitali hiyo, kilomita chache magharibi ya mji wa Gulu, ilianzishwa na wamisionari wa Comboni mwaka 1959, ikiwa ndogo tu. Mwaka 1961 alifika daktari wa watoto kutoka Italia, Piero Corti, akiwa na daktari mpasuaji kutoka Montreal, Kanada, Lucille Teasdale, ambaye alikuwa amekubali kuja kusaidia kwa miezi michache. Desemba ya mwaka huo walifunga ndoa hapo hapo Lacor, na miezi ile michache ikawa miaka 35. Corti alitafuta fedha na kujenga, Lucille alipasua. Inakadiriwa alifanya operesheni zaidi ya 13,000. Vita ya 1979 ilipompindua Idi Amin, na jeshi la Tanzania likafika hadi kaskazini ya Uganda, majeruhi walimiminika Lacor, na vita vilivyofuata vikaleta wengine. Katika kuwapasua askari wale, vipande vya mifupa iliyovunjika vilimchoma vidole mara nyingi. Mwaka 1985 alipimwa akakutwa na virusi vya UKIMWI. Aliendelea kufanya kazi kwa zaidi ya miaka kumi, akafariki Agosti 1996 nchini Italia, na mwili wake ukarudishwa Lacor kuzikwa.

Kwa hiyo vijana waliosomea uuguzi pale (shule ya wauguzi ilifunguliwa mwaka 1973) walikuwa wanapita kila siku karibu na kaburi la mtu aliyeuawa na kazi ile ile waliyokuwa wakijifunza. Sisemi kwamba hilo liliwatia ujasiri. Huenda liliwatia hofu. Ila hakuna aliyeweza kudai kwamba hakuambiwa.

Lukwiya mwenyewe alikuwa Mwacholi wa Kitgum. Baba yake, muuza samaki, alikufa maji Matthew akiwa mtoto wa miaka 12, na mama akawalea wanawe kwa biashara ndogo ndogo. Alifaulu shule kwa kiwango kilichompatia nafasi ya udaktari Makerere, na mwaka 1983 akapelekwa Lacor kwa mafunzo ya vitendo. Hakuondoka. Alikwenda Liverpool kusomea magonjwa ya watoto ya nchi za joto, akamaliza kwa alama za juu, na badala ya kubaki Uingereza alirudi kwenye vita.

Maana vita ilikuwapo wakati wote huo. Tangu 1986 Wacholi walikuwa wamekaa kati ya jeshi la serikali na makundi ya waasi, na la mwisho na baya kuliko yote lilikuwa la Joseph Kony. Ijumaa Kuu ya mwaka 1989 waasi waliingia Lacor wakitaka kuwachukua watawa wa Kiitaliano. Lukwiya aliwashawishi wamchukue yeye. Alizungushwa porini kwa juma zima akiwa na koti lake la kidaktari, kisha wakamwachia. Aliporudi, malango ya hospitali yalifunguliwa kwa raia, na kwa miaka mingi maelfu ya watu, wengi wao wanawake na watoto, walikuwa wakija jioni kulala ndani ya ua na kuondoka alfajiri kwenda mashambani. Kukicha, wauguzi waliotoka zamu ya usiku walipita katikati ya mikeka.

Hayo ndiyo maisha yaliyokuwapo kabla ya Oktoba 2000. Watu waliokwisha kuzoea risasi na mizinga waliletewa kitu kisichosikika kikija.

Na historia ya ugonjwa huu ilikuwa na sura mbaya kwa hospitali. Ebola ilipojulikana kwa mara ya kwanza mwaka 1976, ni hospitali mbili zilizoisambaza. Kule Yambuku, Zaire, hospitali ya misheni ilikuwa ikitoa sindano tano tu kila asubuhi kwa wagonjwa wote wa siku hiyo. Zilisuuzwa kwa maji na kutumika tena. Watu 318 waliugua, 280 wakafa, na katika wafanyakazi 17 wa hospitali 11 walipotea. Mwaka huo huo, Maridi, kusini mwa Sudan, theluthi nzima ya wafanyakazi wa hospitali waliambukizwa. Kikwit, huko huko Zaire, mwaka 1995, fundi wa maabara aliyepasuliwa tumbo aliwaachia ugonjwa waliomhudumia, na watumishi wa afya wapatao 80 wakaugua. Kila mara hadithi ilikuwa moja. Mgonjwa analetwa mahali pa kuponea, na mahali hapo panakuwa njia panda ya kifo. Yambuku ilibidi ifungwe. Kwa hiyo wafanyakazi wa Lacor walipokuja kusema kwamba hospitali ifungwe, hawakuwa wakisema upuuzi. Walikuwa na historia upande wao.

Wodi ya kutenga iliendeshwa na waliojitolea. Kabla ya kuingia, muuguzi alivaa gauni juu ya nguo zake, aproni ya plastiki juu ya gauni, viatu vya mpira vinavyofika chini ya goti, glovu jozi mbili, kofia, barakoa, na miwani ya kufunika macho au ngao ya plastiki ya uso. Gulu si Ulaya. Chini ya tabaka hizo jasho huanza kutiririka kabla hujafika kitanda cha kwanza, na miwani hufanya ukungu. Halafu kazi yenyewe. Anayesoma habari za Ebola magazetini hudhani ni ugonjwa wa damu tupu, lakini katika wagonjwa waliothibitishwa na maabara kule Gulu ni mmoja tu kati ya watano aliyetokwa damu. Walio wengi walikuwa wanaharisha, wanatapika, wanaumwa kichwa na tumbo, hawana nguvu hata za kugeuka. Hapakuwa na dawa wala chanjo. Kilichokuwapo ni maji ya chumvi mdomoni au kwa dripu, dawa za kupunguza homa na maumivu, na mikono. Kumwosha mtu. Kumbadilishia shuka, kumnywesha uji kijiko kwa kijiko, kumwaga ndoo, kunyunyiza klorini, kisha kurudia yote kitanda cha pili. Kwa lugha nyingine, tiba nzima ya ugonjwa ule ilikuwa uuguzi, na uuguzi ndio uliokuwa njia ya kuambukizwa.

Sehemu hiyo ndiyo ninayoona imepewa nafasi ndogo mno katika simulizi za Lacor. Daktari hupita, huandika, hutoka. Anaweza kukaa na mgonjwa dakika chache na akawa ametimiza wajibu wake wote. Muuguzi hana njia ya kutimiza wake kwa mbali.

Kuna jambo jingine lililofanya iwe vigumu kwa hospitali ya Kiafrika kuuzuia ugonjwa huu. Kwa kawaida, nusu ya uuguzi hufanywa na ndugu. Ndugu ndiye anayeleta chakula, anayefua, anayelala chini ya kitanda, anayeita sista usiku. Katika wagonjwa 425 walioandikwa hadi mlipuko ulipokwisha, 269 walikuwa wanawake, na haihitaji elimu ya takwimu kuona sababu. Mwanamke ndiye aliyemshika mgonjwa nyumbani, na katika mila ya Kiacholi shangazi, dada wa baba, ndiye anayeosha maiti. Mazishi, huduma ya nyumbani na huduma ya hospitali zilikuja kutajwa kuwa njia tatu kuu za maambukizi. Zote tatu ni njia za mapenzi.

Wodi ya kutenga iliwazuia ndugu. Waliokufa walifungwa kwenye mifuko na kuzikwa na kikosi maalumu, wengi karibu na uwanja wa ndege wa Gulu, badala ya nyumbani kwao mbele ya mlango. Uvumi ukaenea, kwamba wazungu wanachukua viungo, kwamba anayeingia kule hatoki. Baadhi ya familia zilianza kuwaficha wagonjwa, na mgonjwa aliyefichwa aliwaambukiza waliomficha.

Hata hivyo Wacholi hawakuwa watu wasiojua tauni. Wataalamu wa anthropolojia waliofika wakati wa mlipuko, Barry Hewlett na wenzake, waliwasikiliza wazee wakieleza habari za gemo, pepo mbaya anayekuja kama upepo na kuua watu wengi kwa haraka. Na kwa gemo palikuwa na taratibu za tangu zamani. Mgonjwa hutengwa kwenye nyumba iliyo mbali na nyingine. Mbele ya mlango husimikwa mabua mawili marefu, moja kila upande, ili mpita njia ajue asikaribie. Anayemhudumia awe mtu aliyewahi kuugua akapona, au mzee. Ngoma zinakatazwa, watu hawatembeleani, wanandoa hawalali pamoja. Aliyekufa huzikwa pembeni ya kijiji. Aliyepona hakai na wenzake mpaka mwezi mmoja mwandamo upite. Ukiweka orodha hiyo kando ya mwongozo wa mwaka 1998 uliokuwa mezani kwa Lukwiya, utashangaa jinsi zinavyofanana. Timu za afya zilikuja kuligundua hilo kwa kuchelewa kidogo, lakini walipoligundua walilitumia, na wazee wakapata la kuwaambia vijana ambalo halikutoka Geneva, makao ya Shirika la Afya Duniani.

Nje ya hospitali wafuatiliaji waliofunzwa walizunguka vijijini na kwenye kambi za watu waliokimbia vita, wakiwaangalia kwa siku 21 wote waliogusana na wagonjwa; waliofuatiliwa walifika watu kama 5,600. Wamarekani walifungua maabara ndogo ndani ya Lacor, na jibu la damu, ambalo mwanzoni lilitoka Johannesburg, likawa linapatikana uani. Virusi vikatambuliwa kuwa vya aina ya Sudan, ile ya Maridi, ambayo huua karibu nusu ya inaowapata. Uvumi wa mitaani kwamba ugonjwa uliletwa na askari waliotoka Kongo, Zaire ya zamani, ambako aina iliyojulikana ilikuwa nyingine, ukakosa mguu wa kusimamia, ingawa uliendelea kutembea.

Wodini mambo hayakuwa yakienda vizuri. Mtu angetarajia kwamba baada ya kuweka wodi ya kutenga, ndoo na magauni, wauguzi wangeacha kuambukizwa. Haikuwa hivyo. Katika watumishi wa afya 22 walioambukizwa Gulu hadi hesabu ilipopigwa, 14 waliambukizwa baada ya wodi za kutenga kuanza. Sababu hazina siri. Muuguzi amechoka, ni saa tisa ya usiku, mgonjwa anaanguka kitandani, na mkono unatoka wenyewe kumdaka. Mtu anajifuta jasho kwa mkono wenye glovu. Na wagonjwa wengine hawakuwa wagonjwa tu; walikuwa wenzao wa zamu ya jana. Kumhudumia mtu uliyekula naye ugali mchana kwa mwendo wa pole na tahadhari zote za kitabu ni jambo ambalo kitabu hakiwezi kulifundisha.

Usiku wa tarehe 20 Novemba, mmoja wa wauguzi hao wa kiume, aliyekuwa amelazwa na hali yake mbaya, aliamka akivuja damu, akang'oa vifaa vya oksijeni alivyowekewa na kuyumbayumba hadi kwenye ujia, akikohoa. Waliokuwa zamu waliogopa. Ni haki yao. Walikwenda kumwamsha Lukwiya. Alikuja mbio kutoka usingizini, akavaa barakoa, kofia, gauni, aproni, glovu mbili mbili, viatu. Hakuvaa kinga ya macho. Alimrudisha kijana yule kitandani, akamsafisha, akamsaidia kupumua, na muda si mrefu kijana akafa.

Siku chache baadaye, mwishoni mwa Novemba, vifo vya wauguzi vilifuatana kwa kasi, watatu ndani ya siku moja. Wafanyakazi walisema basi. Watu wapatao 400 walikusanyika kwenye ukumbi wa shule ya uuguzi, na kazi ikasimama. Walitaka hospitali ifungwe. Lukwiya aliingia akawauliza wanataka nini, wakamwambia. Inasimuliwa na waliokuwapo kwamba aliwajibu kwa ukali: aliwahi kujitoa achukuliwe na waasi kwa ajili yao, na kama hospitali itafungwa, yeye ataondoka Gulu na hatarudi tena. Baadaye alijuta ukali ule. Majadiliano yalikwenda kwa saa nyingi. Kulikuwa na machozi, mwishowe kulikuwa na nyimbo, na wauguzi wakarudi wodini.

Nimelifikiria sana kusanyiko lile, na sikubaliani na wanaolisimulia kama ushindi wa shujaa dhidi ya waoga. Wauguzi wale walikuwa na hoja. Mshahara wao haukuwa wa kufia, na wenzao walikuwa wanazikwa na watu waliovaa kama wanaanga. Lukwiya alikuwa na hoja pia, kwamba hospitali ikifungwa, wagonjwa hawatatoweka. Watakwenda kuoshwa na shangazi zao. Kilichompa haki ya kusema mbele ya ukumbi ule, nadhani, ni kwamba kila mtu mle ndani alijua ni nani aliyeamshwa usiku wa tarehe 20 na akaenda. Mganga mfawidhi mwingine yeyote, akisema maneno yale yale kutoka ofisini, angezomewa.

Walichokuwa hawakijua, yeye na wao, ni kwamba virusi vilikuwa tayari mwilini mwake.

Homa ilianza tarehe 26 Novemba. Mwanzoni alijaribu kuiita mafua, kisha malaria, kama wanavyofanya madaktari wote wakiugua wao. Damu ilipopimwa jibu likawa lile. Mkewe Margaret alikuja kutoka Kampala, akavalishwa nguo zote za kujikinga ndipo akaruhusiwa kumwona. Wauguzi waliokuwa wamemgomea juma lililopita ndio waliompangia zamu. Inasemwa alikuwa akiomba, wakamsikia, kwamba kama ni kufa basi awe yeye wa mwisho. Mapafu yalipoanza kushindwa alitiwa kwenye mashine ya kupumulia, jambo ambalo lenyewe lilikuwa la hatari kwa waliolifanya, kwani kupitisha mpira kooni mwa mgonjwa wa Ebola ni kukaribisha uso wako kwenye pumzi yake. Alifariki usiku wa kuamkia tarehe 5 Desemba 2000, akiwa na umri wa miaka 43.

Alizikwa siku hiyo hiyo, na taratibu zilikuwa zile zile alizoziweka yeye: mwili kwenye mfuko, jeneza limenyunyiziwa dawa, waombolezaji wamesimama mbali, wazikaji wamejifunika kutoka kichwani hadi miguuni. Mamia ya watu walikuja. Kaburi lilichimbwa ndani ya ua wa hospitali, karibu na la Lucille Teasdale. Lacor ilipoteza wafanyakazi 13 katika mlipuko ule, yeye akiwamo. Walio wengi katika hao walikuwa wauguzi, wanafunzi wa uuguzi na watawa waliokuwa wakifanya kazi wodini, na majina yao hayajulikani sana nje ya Gulu. Piero Corti alifariki mwaka 2003, naye akalazwa hapo.

Mgonjwa wa mwisho wa Gulu aliugua Januari 2001, na tarehe 27 Februari mlipuko ukatangazwa kwisha. Jumla waliugua watu 425 katika wilaya tatu, Gulu, Masindi na Mbarara, na 224 walikufa. Idadi hiyo, kwa ugonjwa ulioingia kwenye eneo la vita lililojaa kambi, ingeweza kuwa kubwa mara nyingi. Uganda ilijifunza mengi: maabara yake ya virusi ya Entebbe iliimarishwa, na baadhi ya milipuko iliyofuata iligunduliwa mapema zaidi. Waliopona waliporudi nyumbani walikuta nguo zao zimechomwa moto na majirani wakikataa kuwapa mkono, na hilo pia lilikuwa somo, ingawa halikuchukuliwa kwa haraka kama lile la maabara.

Virusi vya aina ya Sudan vilikuwa bado havijapata chanjo wakati viliporudi Uganda Septemba 2022, safari hii Mubende. Watumishi wa afya 19 waliambukizwa na saba walikufa. Daktari wa kwanza kati yao kufa alikuwa Mtanzania, kijana aliyekuwa nchini humo akisomea upasuaji. Alifariki tarehe 1 Oktoba, Fort Portal.

Kisha Januari 2025, jijini Kampala, muuguzi wa kiume wa miaka 32 wa Hospitali ya Taifa ya Mulago aliugua. Alihangaika kutafuta tiba sehemu mbalimbali kabla ya kufia Mulago tarehe 29. Siku iliyofuata serikali ilitangaza kuwa ni Ebola ya aina ya Sudan, na ndani ya siku nne watafiti walianza kujaribu chanjo kwa watu waliogusana na wagonjwa, jambo ambalo halikuwahi kufanyika kwa aina hiyo. Orodha ya kwanza ya waliogusana na muuguzi yule ilikuwa na watu 44. Wengi kati yao walikuwa watumishi wa afya.